Sura ya Tisa: Masizi Katika Bafta

Palikuwa na mji, na kama mji haukuwepo, basi moshi wake ulikuwepo. Jina la mji lilipotea zamani. Wenyeji walipofungua vinywa kulitamka walikohoa kwanza, na kikohozi kikawa ndilo jina. Mgeni aliuliza, "Jamani, hapa ni wapi?" akajibiwa, "Khh," naye akaandika hivyo hivyo katika barua zake. Juu ya mji ulikaa mlima, na juu ya mlima ilikaa theluji. Watu waliitazama theluji ile kama mtu aliyevaa matambara anavyolitazama shati lake moja jeupe lililotundikwa ukutani, akijiambia kwamba maadamu shati lipo, heshima ipo.

Katika mji huo aliishi Senkondo, Mchuja Theluji.

Kazi yake ilikuwa hii. Mara moja kila mwaka alipanda mlima siku tatu, akajaza theluji katika mtungi, akashuka nayo siku tatu hadi ikawa maji. Siku ya saba, adhuhuri, alisimama mbele ya Baraza na umati chini ya Lango Kuu, akanawa mikono mara tatu, kisha akayachota maji kwa kata na kuyamimina juu ya kipande cha bafta mpya, bafta ile ile wanayovishwa maiti. Kitambaa kilitundikwa juu ya Lango. Kikiwa cheupe, Mkubwa wa Lango alisema, "Mbingu haina malalamiko," na mji ukarudi kwenye matanuri yake, viwanda vyake na majiko yake kwa mwaka mwingine.

Na kikitoka kimechafuka? Sheria ya wahenga ilisema mioto yote izimwe siku arobaini. Lakini makarani wa baadaye waliongeza sentensi moja mbele ya hiyo: kwanza uchafu uhesabiwe kuwa ni wa mkono wa mchujaji, jina lake lifutwe katika jiwe la Lango, na mchujaji mwenyewe athibitishe vinginevyo. Kwa kuwa aliyekwisha kufutwa hakuwa mchujaji tena, hakukuwa na wa kuthibitisha, na ile sentensi ya pili haikuwahi kufikiwa na mtu yeyote.

Wala haikuhitajika. Bafta haikuwahi kuchafuka. Wachujaji walikuwa na adabu yao, nayo iliitwa kutuliza. Mwalimu wa Senkondo alimfundisha akisema, "Maji ni mgeni. Mgeni haulizwi kitu kabla hajatulia." Basi mtungi uliwekwa kivulini tangu jioni ya kurudi hadi kesho yake adhuhuri. Kata ilichota juu, polepole, isiguse chini. Yaliyobaki chini, mashapo, Senkondo aliyamwaga nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Hakuwahi kusema uongo katika maisha yake, na hilo lilikuwa fahari yake. Alisubiri tu.

Fahari yake nyingine ilikuwa jiwe. Wachujaji thelathini na watatu walikuwa wamechongwa pale kabla yake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusoma jina lake mwenyewe. Senkondo alijifunza herufi akiwa mtu mzima, baada ya kazi, akiwa na mvi za kwanza kidevuni, ameketi na vijana wanaoweza kuwa wanawe. Kila alipopita Langoni alilisoma jina lake, kwa sauti ndogo, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha ufunguo bado upo. Hakuwa na mtoto. Jiwe ndilo lililokuwa ukoo wake. Huu ulikuwa mwaka wake wa thelathini na tano, na mchujaji anayemaliza miaka thelathini na mitano bila doa jina lake haliguswi tena milele.

Umebaki mtungi mmoja, Senkondo. Mtungi mmoja tu na umekwisha kuwa jiwe.

*

Mkewe, Nakijwa, alikuwa amefariki wakati wa masika. Alikaanga vitumbua vya hiliki kwa miaka arobaini juu ya mafiga matatu, na kuni zilipokuwa mbichi aliupuliza moto hadi macho yakawa mekundu kama ya popo. Kila mwaka, Senkondo aliporudi kutoka mlimani, Nakijwa alimwuliza bila kuinua uso kutoka kwenye chuma cha vitumbua:

"Mwenzangu, umeniletea nini kutoka huko kwa wasafi?"

"Nimeleta weupe."

"Basi uweke mbali na mimi, nisije nikautia mkono."

Akacheka, akakohoa. Miaka ya kwanza kicheko kilikuwa kirefu kuliko kikohozi. Baadaye vikalingana. Mwishoni kikohozi kilikuja peke yake.

Siku ya mazishi alikuja Pazi. Pazi alikuwa mchonga mawe wa Lango, mtu wa tambarare, na watu wa tambarare na watu wa mteremko ni watani tangu mlima ulipokuwa kichuguu. Mtani ana kazi yake msibani. Huvaa nguo ya marehemu, humwigiza, hutangaza choyo chake na kilichomwua, bila haya, hadi wafiwa wacheke. Na wakishacheka ndipo wanaweza kulia. Pazi alifika mlangoni amejifunga kanga ya Nakijwa kiunoni, upawa mkononi, tayari amekwisha kuanza kukohoa kile kikohozi. Senkondo alimzuia kwa kiganja kifuani.

"Si leo, Pazi. Mimi ni mtu wa Lango. Wakubwa wako ndani."

Pazi alifungua kanga, akaikunja mara nne, akaitia kwapani, akaondoka nayo. Nakijwa alizikwa kimya, kama barua inavyowekwa katika jalada. Hakuna aliyesema alikufa kwa nini. Tangu hapo nyumba ya Senkondo ilikuwa na kimya cha namna mbili: kile cha mtu asiyekuwepo, na kile cha neno lisilosemwa, na cha pili kilikuwa kizito zaidi, kwa kuwa hakikuwa na kaburi.

*

Asubuhi ya safari ya thelathini na tano Pazi alikuwa chini ya Lango, ananoa tindo.

"Unakwenda tena kuiba barafu, kenge wa mteremko?"

"Nakwenda kazini. Nyie wa tambarare mngeijua kazi msingeshinda mmechuchumaa mkigonga mawe kama vigong'ota."

"Gonga-gonga hii ndiyo inayokuweka hai, babu. Bila tindo langu wewe ni kikohozi kama sisi."

"Chonga tu, mdomo wako usije ukaota kutu."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wawili wanaopita kando ya shimo. Kisha Pazi akasema, akiangalia tindo, "Ile nguo bado iko kwangu."

Senkondo akajitwisha mtungi, akaenda.

*

Wenye hekima husema mlima haupandwi, bali mtu huteremka ndani ya umri wake. Siku ya pili, penye miti ya mwisho, Senkondo alikutana na mtu anayeshuka, mtungi begani, ndevu nyeusi, kofia ya sufu yenye kiraka cha kijani. Kiraka hicho alikishona Nakijwa. Yule mtu alimpisha njia kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Unatoka juu?"

"Natoka. Weupe upo tele. Nyumbani kuna mtu ananisubiri aniulize nimemletea nini." Akacheka, ana haraka. "Na wewe, mzee, nani anakusubiri?"

Senkondo aligeuka kumtazama, na yule mtu alikuwa amekwisha kupotea kwenye kona, ndani ya ukungu.

Kileleni alikuta mawe mahali alipozoea kukuta theluji. Ilikuwa imerudi nyuma, imejikunyata bondeni kama mbwa aliyepigwa. Alikuwa ameliona hilo mwaka hadi mwaka, lakini kuona na kukiri si ndugu wa tumbo moja. Theluji safi hulirudisha jua lilikotoka. Ikilaliwa na masizi, hata kidogo, hata ya kiasi cha unga unaobaki kwenye vidole, huwa kama mtu aliyevaa nguo nyeusi mchana: hulipokea jua lote, hulinywa, na huyeyuka kwa kile ilichokipokea. Mji ulikuwa ukiitia moto theluji kwa mbali, bila kibiriti.

Kwa desturi alikwangua shubiri moja ya juu, akaitupa, akajaza mtungi kwa iliyo chini yake. Mwaka huu alikwangua shubiri, kisha nyingine, na weupe haukuja. Akachukua jembe alilopanda nalo, akakata ukingo wima kama mtu anayekata mkate. Ndipo akauona ukuta.

Mstari mweusi. Chini yake weupe mwembamba. Mstari mweusi. Weupe. Mstari mweusi. Kila kiangazi, theluji ilipopungua, masizi ya mwaka yalibaki yamelala juu, kisha theluji mpya ikayafunika. Mwaka juu ya mwaka, kama kurasa. Na Senkondo, aliyejifunza kusoma kwa shida, alipiga magoti akasoma.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa mwaka huu. Ulinuka makaa ya mawe na mpira uliochomwa. Chini yake, wa mwaka jana. Akainamisha pua. Makaa ya mawe, mpira, tanuri la matofali.

Na hiliki.

Aliurudia ule wa kwanza. Hapakuwa na hiliki. Wa pili, hiliki. Wa tatu, hiliki. Alishuka mistari kwa kidole, na kwa kila mstari mgongo wake ulinyooka kidogo, meno yaliyong'oka yakarudi mahali pake, mvi zikaondoka kidevuni. Penye mstari wa kumi na tatu, akiwa mtu wa makamo mwenye mapafu mazima, alisikia kikohozi ndani ya barafu. Kilikuwa kidogo, cha kwanza, kile ambacho wakati ule alidhani ni cha vumbi.

"Mwenzangu, mbona umekawia?"

"Nakijwa. Umefikaje huku?"

"Kwa miguu ya moshi. Nilipuliza moto kila alfajiri miaka arobaini. Ulidhani moshi unakwenda wapi? Unaingia kwa nani? Nusu uliingia kifuani, nusu ukaja huku kukusubiri."

"Mimi nilikuja hapa kila mwaka."

"Ulikuja. Ukanijaza mtungini, ukanibeba begani kama bibi harusi, nikafurahi. Tukifika nyumbani unanituliza, unanimwaga kwenye migomba." Sauti ikacheka, cheko refu la zamani. "Si vibaya. Ndizi zilikuwa tamu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikohoa miaka kumi na miwili, mwenzangu. Ulitaka niseme kwa lugha ipi?"

Upepo ukapita. Barafu ikanyamaza, nayo mikono ya Senkondo ilikuwa imerudi kuwa ya mzee.

*

Weupe ni nini?

Nimeubeba miaka thelathini na mitano na sijui uzito wake. Kama weupe ni kitu, ungebaki kwenye kitambaa. Haukubaki kamwe. Kilichoweza kubaki ni masizi peke yake, na hayo niliyazuia yasibaki. Basi nilichowaonyesha watu kila mwaka ni kitambaa kilichotoka dukani.

Mwenye kutawala mji si yule anayeamuru moto uwashwe. Moto kila mtu anauwasha, ana njaa. Mwenye kutawala ni yule anayesema maji yatulie kwanza.

Na mimi ni nani? Jina katika jiwe. Mwanamke alinipikia, akanishonea kofia, akafa kwa pumzi zake mwenyewe, nami nilichoogopa ni wakubwa kumsikia mtani.

Nikituliza, namwaga kwa mara ya mwisho kilichobaki cha Nakijwa duniani. Nikikoroga, nafutwa mimi.

Mtungi ni mmoja.

*

Alikata bonge lenye mistari kumi na miwili, kutoka hiliki ya mwisho hadi kikohozi cha kwanza, akalitia mtungini. Akashuka. Barafu ilipoanza kuyeyuka aligundua kwamba anatembea vibaya: anayumba, anaruka penye njia tambarare, anautikisa mtungi begani kama mlevi mwenye ngoma. Akajiuliza sababu. Alikuwa anamzuia asitulie.

Siku ya saba asubuhi, mtungi ukiwa kivulini, Mkubwa wa Lango alikuja mwenyewe nyumbani kwa Senkondo, mtu mnene, mpole, mwenye leso puani. Alikaa kwenye kiti cha Nakijwa bila kuuliza.

"Hodi na hongera, Bwana Senkondo. Maji yanatulia?"

"Yanajitahidi, mheshimiwa."

"Vizuri. Miaka thelathini na mitano! Wewe ni mfano kwa vijana. Watu siku hizi wana maneno, wanasema mlima umepungua. Umepungua?"

"Umeinama, mheshimiwa."

"Umeinama." Mkubwa akalionja neno lile, akalipenda. "Mlima wenye adabu. Leo adhuhuri tunamaliza, na Pazi atazungushia jina lako ukingo. Pole na yale ya mama, lakini alipumzika kwa heshima. Mazishi matulivu kama yale sijaona."

Alipoondoka, kiti kilibaki na umbo lake. Senkondo akakipangusa kwa mkono hadi umbo likatoka.

*

Adhuhuri umati ulijaa. Senkondo alinawa mara moja, akanawa mara ya pili, akanawa mara ya tatu. Maji ya beseni yalibaki maangavu, na watu wa mbele waliyaona. Akatumbukiza kata mtungini. Juu, katika jiwe, jina lake lilikuwa linamtazama kama mtoto anayetaka kubebwa.

Kisha akakoroga.

Kata ikakwaruza chini ya mtungi. Sauti ile haikuwa imesikika chini ya Lango tangu Lango lijengwe, na mwanamke mmoja aliziba masikio. Senkondo alikoroga kwa mzunguko mpana, kwa mkono wa mtu anayekoroga mchanganyiko wa vitumbua, kisha akachota, akamimina, akachota, akamimina, hadi mtungi ukabaki na mwangwi tu.

Bafta ilikuwa nyeusi. Si doa. Nyeusi katikati, kijivu pembeni, na katika hewa, kwa muda mfupi, hiliki.

"Mkono," alisema Mkubwa wa Lango, taratibu.

"Nimenawa mara tatu, mheshimiwa. Mmeona."

"Tumeona umenawa ngozi. Uchafu huu umetoka ndani ya mkono."

"Umetoka majikoni kwetu. Umetoka kwenye matanuri yenu. Na umo wa mke wangu, Nakijwa, aliyekufa kwa moshi." Akageukia umati. "Kila mmoja wenu yumo humu. Njooni mnuse, kila mtu atamjua wake."

Hakuna aliyekuja. Nyuma kabisa mtu alikohoa. Wa pili akakohoa. Kikaenea safu kwa safu hadi uwanja mzima ukawa unakohoa, vifua elfu vikilitamka jina la mji, na hapo Senkondo alidhani, kwa muda wa pumzi moja, kwamba wameelewa. Lakini kilikuwa kikohozi tu. Kilipokwisha, watu walifuta midomo, wakaanza kuulizana kama mikate imekwisha kutoka tanurini.

Pazi aliitwa na tindo lake. Akapanda ngazi.

"Miaka thelathini na mitano nasubiri ruhusa hii, kenge wewe," alisema kwa sauti ya kusikika. Lakini nyundo ya kwanza haikugonga vizuri, na ilimbidi ashuke ngazi moja afute macho, akisingizia vumbi. Alianzia mwisho wa jina akarudi nyuma, ili mwenye kusoma aendelee kusoma kwa kadiri ilivyowezekana. Senkondo alisoma hadi herufi ya mwisho iliyobaki. Unga wa jiwe ulimwangukia mabegani, mweupe kuliko kitu chochote alichowahi kukishusha kutoka mlimani.

"Naomba kitambaa," alisema.

"Chukua. Kilichochafuka hakina mwenyewe."

Kabla hajafika kona ya kwanza, makarani walikuwa wametundika bafta nyingine juu ya Lango, kavu, yenye mikunjo ya dukani. Nyuma yake madohani yalikuwa yanafuka.

*

Alichimba shimo dogo kwenye migomba, mahali pale alipozoea kumwaga. Alikikunja kitambaa kama mtu anavyovikwa sanda. Alikuwa peke yake, bila jina, na jua lilikuwa bado juu. Mchana ni mrefu sana kwa mtu asiye na anayemsubiri. Akatafuta neno la kusema juu ya shimo. Yote aliyoyajua yalikuwa ya Lango.

Nyuma yake vijiti vikavu vilivunjika. Pazi alisimama kati ya migomba, unga wa jiwe nyusini, kanga ya Nakijwa kiunoni, upawa mkononi.

"Leo naruhusiwa, mtu wa Lango?"

"Mimi si mtu wa Lango."

"Najua. Nimekufuta mwenyewe, na kazi yangu ni nzuri."

Akakohoa. Kikohozi kilikuwa chenyewe, na ile pumzi ya kuvuta katikati, na ule mkono wa kushika mbavu. Kisha akaanza kuzunguka shimo, akitikisa nyonga kwa magoti yenye baridi yabisi.

"Vitumbua! Vitumbua vya moto! Vina sukari, vina hiliki, vina masizi ya bure! Mimi Nakijwa, mchoyo wa samli, sikumpa jirani hata mafuta ya kupaka kisigino! Nimeuawa na moto wangu, na wa jirani zangu, na wa wakubwa zangu! Na mume wangu mnamwona? Mrefu kama mgomba, na akili za mgomba! Miaka thelathini na mitano ananitafuta mlimani, nami niko jikoni!"

Senkondo alijaribu kuzuia. Kwanza mabega, kisha tumbo. Kicheko kilimtoka kama mlango uliokuwa umevimba kwa mvua, akaketi chini, na ndani ya kicheko kile kilio kikapata njia. Pazi alisubiri. Mtani anajua kusubiri. Kisha akachuchumaa ukingoni mwa shimo, akainamisha uso juu ya upawa kana kwamba vitumbua viko pale vinaiva, na kwa sauti ile, bila kumtazama, akauliza:

"Mwenzangu, umeniletea nini kutoka huko kwa wasafi?"

Senkondo alivitazama viganja vyake. Vilikuwa vyeusi kwa kile kitambaa, katika kila mstari, na hakuvinawa.

"Nimekuleta wewe," alisema.

Pazi akalitwaa jembe, na wazee wawili wakafukia.